Roma Haikuangushwa na Sketi Fupi

Ukipanda matatu asubuhi kutoka Mlolongo kwenda EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje lililoko Athi River, utahubiriwa upende usipende. Mhubiri hushika chuma cha juu, hukohoa mara moja, na kabla gari halijakunja kuingia barabara ya Namanga anakuwa ameshaizika dola nzima: Roma ilikula, ikalewa, ikazini, ikaanguka. Halafu anapitisha kofia. Abiria wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wanawake kwa wingi, na wanaitikia amina huku jicho likiwa kwenye saa, maana lango likishafungwa mshahara wa siku hiyo umekwenda.

Huyo wa matatu simlaumu sana, anatafuta riziki. Kinachonikera ni kwamba wasomi nao wanasema hayohayo. Utayasikia kwa mbunge matangani, kwa mwandishi wa safu gazetini, kwa mzee wa baraza, kwa mjomba aliyestaafu ambaye hapitwi na kitu katika kundi la familia kwenye WhatsApp. Na tangu soko la Marekani la nguo zinazoshonwa EPZ lianze kuyumba, maneno haya yameletwa hadi langoni: kazi zinapungua kwa sababu tumemwacha Mungu, vijana hawana adabu, na hasa hasa hawa wasichana wa EPZ wanaoishi peke yao kwenye vyumba vya kupanga. Dola, taifa na kiwanda, vyote eti hufa kwa ugonjwa mmoja.

Hoja yenyewe, akiisema mtu makini, si ya kipuuzi. Inakwenda hivi. Hakuna dola iliyouawa na adui wa nje peke yake. Adui huja mwisho, kumalizia. Dola hujengwa na watu wagumu, wenye nidhamu, walio tayari kufa kwa ajili ya wenzao. Ikishatajirika, watoto wa wajenzi hulelewa kwa starehe, wajukuu huwaajiri wengine wakapigane badala yao, na vitukuu hubaki na hariri na madeni. Mashahidi wake ni wazito. Yupo Edward Gibbon, Mwingereza aliyeandika historia ya kudidimia na kuanguka kwa Roma katika juzuu 6, kati ya 1776 na 1788. Yupo Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, ambaye katika Muqaddima alizipimia tawala umri kama wa binadamu. Na hapa kwetu yupo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye Al-Inkishafi yake inapita kwenye magofu ya Pate ikiuonya moyo. Mwenye mashahidi watatu kutoka Uingereza, Maghreb na Pate anaweza kulala usingizi.

Naomba nimwamshe. Hoja hii ni ya uongo, na kuna watu wanaoilipia kila mwisho wa mwezi.

1. Tarehe zimekataa

Kaisari Nero, ambaye kila mhubiri anazijua habari zake za chumbani kana kwamba alikuwa jirani yake, alitawala kuanzia mwaka 54 hadi 68. Kama uchafu wa kitandani huangusha dola, Roma ingekuwa imekwisha kufikia mwaka 70. Tuipe muda wa kuugua, tuseme 100. Badala yake ilinenepa. Mwaka 117, chini ya Trajan, ndipo ilipofikia upana ambao haikupata kuwa nao kabla wala baadaye. Mabafu yalijaa, viwanja vya kuwapambanisha watu na wanyama vilijaa, madanguro yalijaa, na hazina nayo ikajaa.

Kisha ikatubu. Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliufanya Ukristo dini ya dola. Mahekalu yakafungwa, dhabihu zikapigwa marufuku, maaskofu wakapata sauti ikulu. Miaka 30 tu baadaye, 410, Alaric na Wagothi wake wakaupora mji wa Roma. Mwaka 476 kaisari wa mwisho wa upande wa magharibi, kijana Romulus Augustulus, akavuliwa taji na kupewa posho ya kustaafu kabla ndevu hazijakaza. Dola ilistawi ikiwa na Nero, ikafa ikiwa na makanisa. Sisemi kanisa ndilo lililoiua. Nasema anayeitaka Roma iwe ushahidi kwamba dhambi huangusha na toba huokoa, amechagua mfano mbaya kuliko yote iliyokuwepo.

Wapagani wa wakati huo waliliona hilo mapema, wakalipigia kelele: tumeacha miungu ya baba zetu, haya ndiyo malipo. Ndiyo sababu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alitumia zaidi ya miaka 10 kuandika Mji wa Mungu ili awajibu. Kwa hiyo hoja ambayo mhubiri wetu anaitumia kutetea imani, zamani ilikuwa fimbo ya kuichapia imani hiyohiyo. Fimbo haijali imeshikwa na nani.

Na kuna nusu ya pili ya dola, ile ya mashariki, ambayo haitajwi kamwe. Konstantinopoli ilikuwa na dini ileile, sheria zilezile, mbio za magari ya farasi zilezile, na fitina za ikulu pengine mbaya zaidi, maana huko kumpofusha mpinzani kulikuwa karibu desturi. Nusu hiyo iliishi hadi 1453. Watuambie ni maadili gani yaliyoiua Roma yakaiacha Konstantinopoli iendelee kwa karibu miaka 1,000.

Isitoshe, kilio kwamba Roma imeoza hakikungoja ioze. Sallust alikiandika zaidi ya miaka 400 kabla ya Alaric, hata kaisari wa kwanza hajashika madaraka. Anayetabiri mvua kila siku, ipo siku atalowa na kujiita nabii.

2. Mashahidi wameitwa bila kusomwa

Tuanze na Gibbon mwenyewe. Sura yake ya 15 na ya 16 zinachunguza jinsi Ukristo ulivyoenea ndani ya dola, na kejeli iliyomo humo iliwachoma makasisi wa Uingereza hadi wakamwandama kwa vijitabu. Mwaka 1779 alilazimika kuchapisha utetezi. Leo mchungaji anasimama madhabahuni na kumtaja Gibbon kama mzee wa kanisa. Hii ni sawa na kumwita mshtakiwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, na kumshangilia.

Gibbon alisema nini hasa? Mengi, maana ana sura 71, na anasa imo. Lakini alipofika mahali pa kutoa hukumu yake kuhusu kuanguka kwa upande wa magharibi, aliulaumu kwanza ukubwa wenyewe: kitu kilichotanuka kupita kiasi kilielemewa na uzito wake, na kwake ajabu ilikuwa jinsi kilivyodumu muda wote ule. Akaongeza majeshi yaliyozoea kuwaweka na kuwaondoa makaisari. Hakuna sketi humo.

Tena mtu huyu alikuwa mbunge kuanzia 1774 hadi 1784, na katika miaka yote hiyo hakusimama kutoa hotuba hata moja. Alilipwa mshahara katika bodi ya biashara na makoloni, bodi ambayo kazi yake ilikuwa haba kiasi kwamba bunge liliifuta mwaka 1782. Juzuu yake ya kwanza ilitoka 1776, mwaka uleule makoloni ya Amerika yalipotangaza kujitoa. Mwanahistoria mkuu wa kuanguka kwa dola alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha kulipwa huku kipande cha dola yake kikimegeka mbele ya macho yake. Na hakikumegeka kwa sababu Waingereza walikuwa wamezidisha uzinzi. Kilimegeka kwa ugomvi wa kodi, na nani ana haki ya kuitoza.

Ibn Khaldun naye hukatwa nusu. Ni kweli alisema anasa hulegeza mshikamano wa kundi lililotwaa utawala. Endelea kusoma. Utamkuta akieleza kwamba utawala mchanga hutoza kodi ndogo ukapata mapato makubwa, na utawala uliozeeka hutoza kodi kubwa ukapata mapato madogo. Utamkuta akionya kwamba mtawala akijitia kwenye biashara huwavunja wafanyabiashara na mwisho huivunja hazina yake mwenyewe. Hizo kurasa hazisomwi matangani, hasa mheshimiwa akiwa amekaa kiti cha mbele.

Kuhusu Al-Inkishafi, waniwie radhi wapenzi wa tenzi, lakini huwa inasomwa kana kwamba ni ripoti ya mkaguzi wa hesabu wa Pate. Mshairi anaupa moyo wake mawaidha. Anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa na watu, ambayo sasa yamebaki popo na vumbi, ili ujue kwamba dunia haidumu kwa yeyote, mwema kwa muovu. Kama wote hupita, basi kupita hakuwezi kuwa adhabu ya waovu peke yao. Anayetaka kujua Pate ilishukaje aende kwenye ugomvi wa kiti cha enzi, kisha aende Shela, yapata mwaka 1812, ambako Pate na Mazrui wa Mombasa waliivamia Lamu wakachinjwa ufukoni. Mapokeo yanasema maji yalikupwa, vyombo vyao vikakwama mchangani. Lamu ikamwita Seyyid Said wa Oman, na nguvu za pwani zikahamia kwake. Sijasikia anayesema bahari ilikupwa kwa sababu ya marinda ya hariri ya mabibi wa Pate, ingawa kwa mtindo huu tutafika.

Yupo na shahidi wa nne, wa wakati wenyewe: Salvian, padri wa Marseille, aliyeandika katika miaka ya 440. Huyu alihubiri kwelikweli. Uzinzi wa Carthage aliuanika wote. Lakini katika kitabu hichohicho alilia kwamba maskini wa Kirumi wanawakimbilia washenzi kwa sababu wakusanya kodi wamewanyonya mpaka mifupa. Mahubiri ya leo yamechukua nusu ya Salvian. Nadhani nyote mnaijua ni nusu ipi.

3. Hazina ilipotoboka

Ukiniuliza ni siku gani Roma ya magharibi iliuawa, sitakutajia karamu. Nitakutajia mwaka 439, Wavandali chini ya Geiseric walipoiteka Carthage. Walikuwa wamevuka bahari kutoka Hispania miaka 10 kabla. Afrika ya kaskazini ndiyo iliyokuwa ghala na sanduku la dola: nafaka yake iliilisha Roma, na kodi yake ililipa majeshi ya mbali kwa kuwa yenyewe haikuhitaji majeshi mengi. Ikatoka. Mwaka 444 Kaisari Valentinian III akaweka kodi mpya ya mauzo, kama asilimia 4 hivi, akikiri wazi kwamba mapato yaliyopo hayatoshi kuwalisha na kuwavika askari. Mwaka 468 Konstantinopoli na magharibi wakatuma manowari nyingi kuikomboa Afrika, zikachomwa. Miaka 8 baadaye askari wa kukodiwa waliokuwa Italia wakadai ardhi kuwa malipo yao, wakanyimwa, na kiongozi wao Odoacer akamwondoa yule kijana Romulus Augustulus. Bila mapato huna mshahara, bila mshahara huna jeshi, bila jeshi huna mapato. Duara hilo halina kitanda ndani yake.

Turudi nyumbani, kwa sababu hoja ya maadili inapendwa zaidi ikipelekwa pwani. Kilwa, wanasema, ilidekezwa na dhahabu. Ibn Battuta aliifika mwaka 1331, akausifu mji, na sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, alimsifu kwa ukarimu na kwa kuwaheshimu watu wa dini. Ikulu kubwa ya Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya 100 na hodhi la kuogea linalotazama bahari, ilijengwa karne hiyohiyo na ikaachwa bila kumalizika. Hapo wanashangilia: anasa! Ajabu ni kwamba baada ya ikulu hiyo kuachwa, Kilwa iliendelea kuishi kwa zaidi ya miaka 150. Kama hodhi la kuogea ndilo lililoiua, lilikuwa sumu ya polepole mno.

Kilichoifikia Kilwa kina majina na tarehe. Dhahabu yake ilipitia Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga na mizinga, akadai kodi ya dhahabu, akapewa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji na kujenga ngome, na mwaka huohuo Wareno wakajenga nyingine Sofala kwenyewe, kwenye koo la biashara. Dhahabu ikatafuta njia nyingine za kupita. Kufikia 1512 Wareno wenyewe waliihama ngome ya Kilwa, kwa kuwa haikuwa na faida tena. Ile dhahabu ya 1502 je? Ilipelekwa Lisbon, ikafuliwa kuwa chombo kitakatifu cha kuonyeshea ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo kwenye makumbusho huko. Nani hapo alikuwa na maadili, aliyenyang'anywa au aliyekwenda kuabudu kwa kitu cha kunyang'anya? Hoja yao haina jibu, kwa sababu kwao aliyeshindwa ndiye mwenye dhambi, na ushahidi wa dhambi yake ni kwamba alishindwa.

Ngoja niwahi mtu. Sisemi kwamba ni wageni tu, kisa hicho nacho ni kitamu na kifupi. Almeida alimkuta Kilwa amiri Ibrahim, asiye wa ukoo wa masultani, akishikilia utawala katikati ya ugomvi wa muda mrefu wa urithi, na alipata wenyeji wa kushirikiana naye. Malindi ilikuwa imeshampokea da Gama mwaka 1498 kwa sababu ya uhasama wake na Mombasa. Lakini ugomvi wa urithi ni jambo la katiba na ushindani wa miji ni jambo la biashara. Ukiyaita yote mawili "kuporomoka kwa maadili" umejinyima nafasi ya kuyatengeneza.

Kwenye magofu ya mji wa Gedi sitakaa sana. Palipotangazwa na UNESCO mwaka 2024 kuwa urithi wa dunia, maneno kwamba mji ule uliangushwa na laana yalipata nguvu mpya. Nenda ukatazame visima: vilichimbwa, vikachimbwa tena ndani zaidi, watu wakiyafuata maji yaliyokuwa yakishuka. Mji wenye kiu hauhitaji laana.

4. Dhambi kubwa hutendwa dola ikiwa na nguvu

Hapa ndipo hoja yao inaponiudhi zaidi. Kwa mujibu wake, dola changa ni adilifu na dola inayokufa ni ovu. Hebu itazameni Zanzibar ya Seyyid Said. Huo ndio wakati wa kupanda: mji mkuu umehama kutoka Maskati, karafuu imeenea Unguja na Pemba, meli za Salem kutoka Marekani zinashusha kitambaa cha merikani na kupakia pembe za ndovu, mkataba na Marekani umetiwa saini 1833. Na nani analima karafuu? Watumwa, walioletwa kutoka bara kwa maelfu, wakiuzwa sokoni. Uovu haukuwa doa kwenye ustawi ule. Ndio uliokuwa ustawi.

Sasa angalia kushuka. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amewekewa manowari za Kiingereza mlangoni, alifunga soko la watumwa. Kwa mizani yoyote hilo ndilo jambo la haki kubwa kuliko yote yaliyotokea katika dola ile. Malipo yake? Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa zikamkatia ukanda wa pwani wa maili 10 na kugawana bara, na kufikia 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Kama mbingu huendesha historia kwa hesabu ya mema na mabaya, kuna mtu huko aliyeishika kalamu kichwa chini.

Roma vivyo hivyo. Misururu ya watumwa iliyokuwa ikiingia Italia kwa ushindi wa vita, misalaba iliyopangwa kando ya barabara ya Appia baada ya uasi wa Spartacus mwaka 71 kabla ya Kristo, yote ni ya siku za kupaa. Ila dhambi za mwenye nguvu hazihesabiwi kuwa dhambi, huitwa utaratibu. Neno maadili hutolewa kabatini pale mambo yanapokwenda mrama na anatafutwa wa kubebeshwa.

5. Anayebebeshwa

Na sasa tuko langoni Athi River.

Itazame suruali moja ya jinzi kwenye laini. Kitambaa kimetoka nje, huenda India au China. Zipu imetoka nje, vifungo vimetoka nje. Mama mmoja anashona mfuko wa nyuma wa kushoto, huohuo, asubuhi hadi jioni, na tageti ya saa imeandikwa ubaoni mbele ya laini. Ikipungua, supavaiza anakuja kusimama nyuma ya kiti. Kwenye mkanda wa kiuno kuna lebo inayosema imetengenezwa Kenya. Kilichoiwezesha suruali hiyo kuingia Marekani bila ushuru ni AGOA, sheria iliyotiwa saini Washington 18 Mei 2000, pamoja na kifungu chake kinachoruhusu kitambaa cha nchi ya tatu. Muda wa sheria hiyo ulikwisha 30 Septemba 2025, bunge la Marekani likiwa wakati huo halijaiongeza. Miezi michache kabla, Aprili, Marekani ilikuwa imeshaweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya. Oda zikianza kusuasua kwenye mazingira hayo, anayeachishwa kazi anaambiwa akachunguze mwenendo wake.

Ndiyo gharama ya kwanza ya hoja hii: inahamisha swali. Badala ya kuuliza kwa nini maisha ya familia nyingi hapa yamefungwa kwenye sheria moja ya nchi nyingine yenye tarehe ya mwisho, tunauliza kwa nini wasichana wanavaa hivi. Badala ya kuuliza kwa nini kitambaa kinatoka nje ilhali KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilikuwa zikifuma hapahapa, tunaambiwa vizazi vya zamani vilikuwa na bidii. Viwanda vile viliporomoka katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa ghafla, mitumba ikamwagika, na mkulima wa pamba akaachwa bila mnunuzi wa kuaminika.

Najua jibu linalokuja: na wizi? Viwanda havikuibiwa? Viliibiwa, na rushwa ni suala la maadili kabisa. Nakubali bila kinyongo. Lakini nisikilizeni mahubiri yenyewe, muhesabu. Ni mara ngapi yanamgusa aliyekopa kwa jina la kiwanda asilipe, na ni mara ngapi yanamgusa mpangaji wa chumba kimoja? Mwenye kuiba mamilioni hukaribishwa harambee akae meza kuu, akisimama aseme taifa limepoteza maadili, akapigiwa makofi. Hata malalamiko ya wanawake kuombwa rushwa ya ngono ili waajiriwe au waongezewe kontrakti yamekuwepo kwa miaka mingi, na bado mahubiri humshukia aliyeombwa, si aliyeomba.

Gharama ya pili iko kwenye slipu ya mshahara. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 inampa mwekezaji likizo ya miaka 10 bila kodi ya faida, kisha miaka mingine 10 ya asilimia 25. Yule mama wa mfuko wa kushoto hakupewa likizo hata ya mwezi mmoja: anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba kuanzia shilingi ya kwanza. Huenda mpango huo una sababu zake, na wachumi wautetee. Ila mtu akija kunieleza jinsi mataifa yanavyodidimia, ningependa aanzie hapo, palepale Ibn Khaldun alipoanzia.

Gharama ya tatu ni kimya. Mwanzoni mwa 2003, serikali mpya ilipoingia, wafanyakazi wa EPZ waligoma. Walidai mishahara, saa za kazi, na haki ya kuwa na chama. Walijua vizuri kabisa kinachowaumiza. Mfanyakazi aliyefundishwa kwamba kiwanda kitafungwa kwa dhambi zake haulizi mkataba unasemaje. Anafunga na kuomba, na mwenye kiwanda anapata utulivu asioulipia.

Pwani iliwahi kuyaona haya kwa upande wa pili wa kitambaa. Zamani zile merikani ndiyo iliyokuwa ikilipia misafara ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ilipanda bei, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za viwanda vya Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Wafanyabiashara wa Forodhani hawakuitisha toba. Waliandika barua Bombay.

Jaribio la mwisho lipo hapahapa Athi River, na lina tarehe kamili. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza nguo ulikwisha tarehe 1 Januari 2005. Wanunuzi wakubwa wakawa huru kupeleka oda nyingi zaidi China, wakazipeleka, na kuanzia kipindi hicho baadhi ya viwanda vya EPZ nchini vikafunga na maelfu ya watu wakarudi nyumbani. Sasa wenye hoja yao wajibu: ni dhambi gani iliyozidi Athi River usiku ule wa kuamkia mwaka mpya ambayo haikuwepo tarehe 31 Desemba?